Miezi Kumi katika Mpango wa Alasiri wa Vijana, Mkoani

Kwa miezi kumi sasa mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 14, amekuwa akihudhuria mpango wa alasiri wa vijana unaoendeshwa katika shehia moja ya hapa Mkoani, Pemba, na kwa kuwa wazazi watatu wameshanisimamisha, mmoja wao nikiwa mbele ya mizani ghalani na foleni ikinisubiri, kuniuliza kama ada yake inalingana na faida yake, nimeona ni heri niandike yote mara moja. Jina la mpango sitalitaja, kwa vile sehemu ya niliyonayo ni malalamiko na waendeshaji wake ni watu ninaosali nao msikiti mmoja. Wenyeji wataujua kwa banda lake la mashua, na walio mbali wataweza kupima kwa maelezo haya mipango ya kwao inayofanana nao. Jibu langu kwa wale wazazi watatu ni kwamba mtoto apelekwe, ila apelekwe siku za kazi za mikono, na mzazi awe na desturi ya kulitazama daftari la mahudhurio kwa macho yake.

Nieleze kwanza kilichonipeleka. Dada yangu yuko Maskati kwa mwaka wa tatu akifanya kazi za nyumbani, na mwanawe ameniachia mimi, ambaye ni karani wa ghala. Mtoto husoma mkondo wa asubuhi, hutoka skuli saa sita na nusu, na mimi hurejea nyumbani saa kumi na moja nikibahatika, saa kumi na mbili kukiwa na chombo gatini. Msimu wa karafuu uliopita mwenye shamba mmoja alimleta mlangoni kwangu akiwa ameshika kipolo cha karafuu mbichi ambazo hazikuwa zake wala zetu. Alikuwa muungwana, hakwenda polisi na hakupandisha sauti. Alitaka alipwe thamani ya karafuu zake na matawi yaliyovunjwa, nikamlipa. Kabla ya kuondoka aliniuliza, kwa upole uliozidi kunitahayarisha, mtoto huyu mchana hukaa wapi. Sikuwa na jibu. Nilijua anasoma darasa gani, nilijua amefika juzuu ya ngapi chuoni, nilijua hata namba ya viatu vyake, lakini saa tano za kila siku za maisha yake sikuwa na habari nazo.

Siku ya kumwandikisha nilipewa kijitabu chembamba kinachoeleza asili ya mpango. Kwa sehemu kubwa umeazimwa kutoka mfumo uitwao Communities That Care, ambao ulibuniwa na David Hawkins na Richard Catalano wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Msingi wake ni kwamba mji wenyewe uunde kamati ya watu wake, uwaulize vijana kwa fomu zisizo na majina ni mambo gani yanawaweka hatarini na ni mambo gani yanawakinga, uchague kazi chache ambazo zimekwisha kujaribiwa kwingine zikaonekana zinafaa, kisha baada ya muda uwaulize tena. Kuanzia mwaka 2003 mfumo huo ulijaribiwa katika miji midogo 24 ya majimbo saba ya Marekani, nusu ya miji ikapewa mpango kwa kura na nusu ikaachwa kama ilivyokuwa, na wanafunzi 4,407 wakafuatiliwa tangu darasa la tano. Walipofika darasa la nane, wale wa miji iliyopewa mpango walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa wameanza kunywa pombe, kwa asilimia 32, kuanza kuvuta sigara, kwa asilimia 33, na kuanza vitendo vya uhalifu mdogomdogo, kwa asilimia 25. Kijitabu kinazitaja namba hizo kwa fahari kana kwamba ni za Mkoani. Mimi nilizisoma kama ninavyosoma hati ya shehena: zinanieleza kilichopakiwa bandari ya mbali, na kilichoshuka hapa kwetu sina budi kukihesabu mwenyewe.

Kwa haki, hatua ya kuuliza kwanza waliifanya, na waliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi wa skuli mbili za jirani walijaza fomu bila ya majina, na kamati ya shehia, yenye wazee waliokuja kikaoni wakiwa na hakika kwamba jawabu litakuwa unga na bangi, ikakuta vijana wengi wameandika juu ya mchana mrefu usio na shughuli na juu ya watu wazima wasiojua wala kuuliza wao wako wapi. Mzee mmoja, nilivyosimuliwa, alitaka fomu zijazwe upya. Unga upo na hakuna anayeukana. Unguja kuna nyumba za upataji nafuu, na hospitali ya Kidongo Chekundu hutoa dawa ya methadoni kwa walioathirika, lakini huduma hizo ni za mtu aliyekwisha kuanguka, na fomu zilikuwa zinauliza juu ya mtoto ambaye bado amesimama. Kutokana na majibu hayo ndipo zilipochaguliwa kazi za alasiri: banda la mashua siku ya Jumatatu na Jumatano, mpira Jumanne, masomo ya ziada Alhamisi, na semina kila Jumamosi.

Banda ndilo lililoniteka moyo, nami nitakaa hapo kidogo.

Ni paa la makuti juu ya nguzo za mikoko, hatua chache kutoka ufukweni, na ndani yake imelazwa mashua kuukuu ambayo mwenyewe aliitoa kwa makubaliano kwamba ikitengenezwa ataikodisha, na sehemu ya kodi itarudi katika mpango. Fundi ni mzee aliyejenga vyombo maisha yake yote na ambaye vijana humwita Fundi tu, bila ya jina. Nilipita siku moja mapema, nikiwa na hati mkononi kana kwamba nina shughuli nyingine, nikamkuta mpwa wangu amelala chali chini ya mkuku akitia kalafati. Pamba ilikuwa imesokotwa kuwa kamba nyembamba na kuloweshwa kwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara tatu, na yeye alikuwa akiisukuma ndani ya mshono wa mbao kwa patasi butu, pigo kwa pigo, huku jasho likimwingia machoni. Kila baada ya shubiri moja alisita na kumtazama Fundi. Fundi hakumtazama, alikuwa amempa mgongo, anachonga taruma kwa tezo.

"Umeshiba?" akauliza Fundi.

"Bado."

"Umejuaje?"

"Sauti."

Nilielezwa baadaye kwamba mshono ambao haujajaa hutoa sauti nzito na butu, na ukishiba pamba nyundo hulia kikavu kama inapiga kipande kimoja cha mti. Mtoto ambaye nyumbani huitwa mara nne kabla hajaitika alikuwa anasikiliza mbao. Fundi hahubiri. Kwa saa tatu nilizokaa pale siku mbalimbali sikumsikia akitamka neno maadili hata mara moja, na karipio kali nililomsikia akilitoa lilimhusu kijana aliyeacha keekee kwenye mchanga wenye maji ya chumvi. Lakini vijana wanane walio chini yake wana umri tofauti na sifa tofauti: yuko mtoto wa imamu, yuko kijana aliyesimamishwa skuli, wako ndugu wawili wasiosema sana, na yuko mpwa wangu mwenye kipolo chake cha karafuu. Hakuna anayejua nani ameletwa kwa kosa na nani ameletwa na mapenzi ya vyombo.

Semina za Jumamosi ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoona ada ya mzazi inapotea. Kijana huketi saa mbili juu ya kiti cha plastiki akisikiliza hotuba kuhusu madhara ya dawa za kulevya, na mwisho husimama pamoja na wenzake kukariri kiapo. Hakuna ubaya katika kiapo, ila sijui mtu mzima aliyeacha jambo kwa sababu alisimama mbele ya bango akalikariri. Wamarekani wamelijaribu jambo hili kwa upana ambao sisi hatuwezi kuufikia: mpango wa D.A.R.E., ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, uliwaingiza polisi madarasani kote nchini kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya, na tathmini moja baada ya nyingine ikaonesha kwamba watoto waliofundishwa na wasiofundishwa hawakutofautiana kwa jambo la maana baada ya miaka kadhaa. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu mwaka 2013, na kutolewa tena pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, inasema vilevile kwamba kutoa habari peke yake, hasa za kutisha, hakuzuii kitu. Waendeshaji wetu wanaweza kujitetea kwamba semina ni rahisi, na ni kweli: inahitaji viti, kipaza sauti na maji ya chupa, na picha zake hutoka vizuri katika ripoti.

Mwezi wa tatu walikwenda mbali zaidi. Vijana wapatao kumi waliochaguliwa kwa sababu ya utundu wao, mpwa wangu akiwa mmoja wao, walipakiwa katika gari kwenda kuwasikiliza watu waliowahi kutumikia kifungo wakisimulia, kwa sauti kubwa na kwa maneno ambayo sitayaandika, mateso yaliyowapata. Nia ilikuwa kuwatisha. Laiti kijitabu kingekuwa na ukurasa mmoja zaidi, wangesoma habari za gereza la Rahway huko New Jersey, ambako katika miaka ya 1970 wafungwa wa vifungo virefu walipewa kazi hiyohiyo ya kuwakaripia vijana. Mtafiti James Finckenauer alipowafuatilia wale waliotishwa na kuwalinganisha na wenzao wasiotishwa, aliwakuta waliotishwa wamefanya makosa zaidi, na majaribio mengine yaliyokusanywa na kuchambuliwa baadaye yalielekea upande huohuo. Mimi sikuhitaji utafiti. Jioni ile mpwa wangu alikuwa jikoni akimuigiza mmoja wa wasimulizi, mkono kiunoni, sauti ya kukwaruza, akiwaeleza wanangu wadogo namna mtu anavyoficha wembe, na wanangu wadogo walikuwa wanacheka hadi machozi. Alikuwa hajatishika hata kidogo. Alikuwa amekutana na watu wenye hadithi.

Kasoro hiyo inaungana na nyingine ambayo ni vigumu zaidi kuiona, nayo ni desturi ya kuwaweka pamoja watukutu kwa ajili ya kile kinachoitwa ushauri nasaha wa vikundi. Kila Jumamosi baada ya semina, wale kumi walibakishwa chini ya mwembe pamoja na mshauri wa kujitolea, kijana mwenye nia njema na umri usiozidi sana wao, ili wazungumze juu ya makosa yao. Katika kikao kama hicho anayesema jambo la adabu hupata ukimya, na anayesimulia namna alivyoruka ukuta hupata kicheko. Basi wiki inayofuata kila mmoja huja na ukuta mrefu zaidi. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin waliandika juu ya jambo hili hasa, wakaonesha kwamba vijana wenye tabia za hatari waliokusanywa katika vikundi vya kusaidiwa walizidisha uvutaji wa tumbaku na ukorofi kuliko wale walioachwa. McCord alikuwa ameshalikuta mapema zaidi, alipowafuatilia watu wazima ambao utotoni mwao, kuanzia mwaka 1939, walikuwa katika mradi mkubwa wa Cambridge na Somerville, jimboni Massachusetts: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao wasiosaidiwa, na walioonekana kuumia zaidi ni wale waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja. Sisi Wapemba hatukuwa tunahitaji kuambiwa haya na mtu wa Massachusetts, kwani ni nani hapa asiyejua kijana anayoyajifunza akiachwa dago, kwenye kambi ya uvuvi, mwezi mzima na wavuvi wakorofi. Hata hivyo tulipounda mpango tuliwakusanya watundu wetu chini ya mwembe mmoja na kuwapa mwenyekiti.

Nilipeleka malalamiko kwa mratibu, kwa mdomo kisha kwa barua, kwa kuwa kazi yangu imenifunza kwamba lililosemwa tu halijasemwa. Alinisikiliza vizuri. Kikundi cha chini ya mwembe kimevunjwa baada ya mwezi mmoja na nusu, na safari ya kutishana haijarudiwa, ingawa nimearifiwa kwamba haikufutwa katika bajeti.

Sasa daftari. Nimeandika daftari za ghala kwa miaka 19, na daftari la kweli naweza kulitambua kwa harufu. Huwa na fujo zake: kalamu imeisha wino katikati ya safu na nyingine ya rangi mbali ikaendelea, jina limesahauliwa likabanwa pembeni, kuna alama ya kikombe cha chai, na Jumatano moja hakuna kitu kwa sababu mvua ilinyesha na watu hawakuja. Mwezi wa nne mpwa wangu alishikwa na homa, nikamzuia nyumbani siku tatu mfululizo. Mwisho wa mwezi niliomba kuona mahudhurio yake, nikamkuta amehudhuria siku zote tatu. Nikageuza ukurasa. Mwezi mzima, kwa vijana wote, alama zilikuwa za wino mmoja wa buluu, zimeinama upande mmoja, zimepangika kama mbegu za tungule kwenye ungo, na mvua haikunyesha Mkoani hata siku moja. Mratibu hakukana. Alisema ripoti ya mfadhili hutakiwa tarehe 30, na wahudumu wa kujitolea hulijaza daftari tarehe 29. Ninamwamini kwamba hakuna aliyekula fedha. Lakini kosa lenyewe ni kubwa kuliko fedha kidogo, kwa sababu vijana waliandika katika zile fomu za mwanzo kwamba hakuna mtu mzima anayejua wako wapi, nasi tukawajibu kwa kuanzisha mpango ambao, kwa mujibu wa karatasi zake, haujui wako wapi.

Daftari la kweli lilikuwapo, ila halikuwa ofisini. Lilikuwa ubao uliotundikwa kwenye nguzo ya banda, wenye majina manane yaliyoandikwa kwa mkaa, na Fundi huweka nukta mbele ya kila aliyefika. Ikifika saa tisa na jina halina nukta, humtuma kijana mmoja akaulize. Nililijua hili siku ya Jumatatu moja ya mwezi wa tano, nilipomwona mtoto wa imamu amesimama mlangoni mwa ghala, anahema, miguu imejaa mchanga.

"Shikamoo, mjomba. Fundi anauliza, leo haji?"

Nikamwambia amekwisha kwenda, nimemwona akitoka na kofia yake. Mtoto akatikisa kichwa. Nikafunga kitabu, nikamwachia mwenzangu mizani, tukatafuta pamoja, tukamkuta katika kibanda cha gemu nyuma ya soko akiwa na wakubwa wawili ambao sikuwapenda sura. Hapakuwa na kesi wala kipigo. Alirudi bandani akiwa amechelewa saa moja, Fundi akampa ufagio, na nukta yake haikuwekwa siku ile. Jambo dogo, lakini ni mara ya kwanza tangu mama yake aondoke ambapo mtu asiyekuwa mimi aligundua kwamba hayupo, akajishughulisha kuuliza kabla jua halijatua. Wazee wetu walilifanya hili bila ya kijitabu. Mtaa mzima ulikuwa na macho, na ukipigwa kwa jirani unafika nyumbani unaongezewa. Kipigo sikitamani kirudi, macho nayatamani.

Kwa sababu hiyo ninavipa alama nzuri vikao vya wazazi, ambavyo watu wengi huviona ni usumbufu. Hufanyika mara moja kwa mwezi, na kinachofanyika ni kazi mbili tu: kubadilishana namba za simu baina ya wazazi wa vijana wanaofuatana, na kukubaliana saa moja ya kurudi nyumbani ambayo itakuwa sawa kwa wote, ili asiwepo mtoto wa kusema kwamba fulani anaruhusiwa. Iceland walilipa jambo hili uzito mkubwa. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5, na miongoni mwa waliyoyafanya katikati ya miaka hiyo ni saa za usiku zilizowekwa kwa sheria, wazazi kutia saini makubaliano baina yao na kutembea mitaani kwa zamu usiku, na michezo na sanaa zilizolipiwa na manispaa na kusimamiwa na walimu wanaolipwa. Sisi pombe siyo shida yetu kubwa na baridi yao hatuna, lakini makubaliano baina ya wazazi hayahitaji bajeti. Tatizo la vikao vyetu ni kwamba huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, kwa hiyo huhudhuriwa na mama na mabibi, na kinababa humo ni sheha, mimi niliyeomba ruhusa, na mzee mmoja ambaye nadhani huja kwa ajili ya chai. Nimependekeza baada ya Isha. Nimejibiwa kwamba litaangaliwa.

Kuhusu wasichana nitasema machache, kwa vile machache ndiyo yaliyopo. Siku ya Alhamisi wamo katika masomo ya ziada; siku nyingine wamepewa ushonaji kwenye chumba kisicho na cherehani ya kutosha, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kushona. Binti wa jirani yangu alimuuliza Fundi kama anaweza kusokota pamba ya kalafati, naye Fundi akamkatia kipande akamwonesha namna. Mratibu alipojua akasema italeta maneno. Maneno hayajaja, na kamba zake ndizo nyembamba kuliko zote.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na asiyeweza husamehewa baada ya sheha kuandika barua, jambo ambalo hufanyika bila ya kudhalilishana. Chakula hakuna, isipokuwa mihogo ya kuchemsha siku za banda ambayo Fundi huileta mwenyewe. Mpango ulianza kwa kumalizika baada ya magharibi, ukagongana na chuo cha Kurani, maalim akalalamika kwa haki, na sasa huanza saa nane na kumalizika saa kumi na moja; msimu wa karafuu hulegea kabisa, kwani nusu ya vijana huwa mashambani na jamaa zao, na hakuna aliyefikiria kuupeleka mpango huko walipo. Mpira wa Jumanne ni mpira. Masomo ya Alhamisi ni mazuri kwa hesabu, dhaifu kwa Kiingereza.

Atakayemwandikisha mtoto amwombee nafasi ya banda mapema, kwani Fundi hapokei zaidi ya wanane na hasikilizi barua ya mtu. Akikosa, amwandikishe mpira na masomo, amwache Jumamosi alale au amsaidie kazi za nyumbani. Akipelekwa kwenye kikundi chochote cha watundu peke yao, amtoe siku hiyohiyo na aseme kwa nini.

Mpwa wangu hajageuka malaika. Mwezi uliopita alidanganya juu ya fedha ya daftari, na bado huitwa mara nne kabla ya kuitika. Mashua imepakwa deheni upande mmoja, wanasubiri bamvua kubwa, maji yanapojaa sana, ili waishushe, na kila usiku anaangalia mwezi kama mtu mwenye deni. Wiki iliyopita mama yake alipiga simu kutoka Maskati saa tisa kasoro, kelele za ghala zikiwa juu, akaniuliza mwanawe yuko wapi saa hizi. Nikamwambia yuko bandani, chini ya mkuku, upande wa kushoto, anamalizia mshono wa tatu. Nilipokata simu nilimtuma kijana wa mizani akahakikishe.